Yocto au Buildroot kwa bodi 40? Ijumaa natakiwa kuagiza

mkulima_wa_kodi
Wakuu habari za jioni. Ijumaa natakiwa kuagiza bodi za mradi na bado sijaamua mfumo wake wa Linux nitaujenga kwa Yocto au Buildroot, zile zana mbili za kujitengenezea Linux ya bodi ndogo. Nimesoma mpaka macho mekundu, kila mtu anasifia cha kwake. Kifaa chenyewe kinasoma data kinatuma kwa modemu basi. Kipi bora? Nipeni jibu moja tu jamani nisije nikajuta.

nyaya_tatu
Mkuu hapo hujasema kitu. Bodi gani, RAM kiasi gani, inabuti kwenye kadi ya SD au eMMC (hifadhi iliyogandishwa kwenye bodi), umeme wa wapi, nani atakuwa anasasisha? Na laptopu ya kujengea ikoje? Umeingia duka la dawa umesema "naumwa" halafu unasubiri upewe kidonge.

fundi_kerneli
Buildroot. Tuendelee na mada nyingine 😀

dada_bodi
@fundi_kerneli wewe hata mtu akiuliza matatu ya Thika inapakia wapi utamwambia Buildroot.

mkulima_wa_kodi
Samahani wakuu niliandika nikiwa kwenye daladala. Bodi ni BeagleBone Black, kompyuta ndogo ya bodi moja, RAM MB 512, eMMC GB 4. Zinakaa vituo vya kukusanyia maziwa, kila moja inasoma joto la tangi la kupoozea kwa waya wa RS485 inatuma kila dakika tano. Umeme ni wa gridi na unakatika muda wowote. Mhudumu ni mimi peke yangu, kuna vituo ni saa nne kwa pikipiki, vumbi mwanzo mwisho. Laptopu i5, RAM GB 8, diski imebaki GB 60. Intaneti ni bando la simu. Programu nimeandika kwa C++.

nyaya_tatu
Ehee sasa umesema. GB 60 na Yocto hawakai nyumba moja, maelezo yao wenyewe yanataka nafasi kubwa kuliko hiyo. Ukiweka rm_work inafuta masalia ya kila resipi (maelekezo ya kujenga programu moja) ikimaliza kwa hiyo diski itapumua, ila bando litalia, maana mara ya kwanza inashusha vyanzo vya kila kitu mpaka kompaila inajijengea yenyewe. Na kwa RAM GB 8 punguza PARALLEL_MAKE na BB_NUMBER_THREADS, yaani kazi zinazoenda kwa pamoja, la sivyo RAM itaisha na katikati ya C++ nzito utakutana na neno moja tu, Killed, usiku saa saba, na hujui nani kaua.

dada_bodi
Mimi nitaitetea Yocto na sioni aibu. Mwanzo mchungu kweli, wiki mbili za kwanza nilikuwa nagombana na leya, yale mafungu ya resipi, hadi ndotoni. Lakini ukishaipanga, ukibadilisha kitu kimoja inajenga kilichoguswa tu, vingine inachukua kwenye sstate, akiba ya vilivyokwisha kujengwa. Huko Buildroot ukigusa mipangilio ya kompaila ni make clean uanze sifuri. Na toleo lake la scarthgap ni la 2024, linahudumiwa mpaka 2028, kwa bodi za kukaa field miaka hiyo si kitu kidogo. Bando lisikutishe, kodi seva ujengee huko, wewe unashusha imeji iliyoiva tu.

fundi_kerneli
Programu moja, bodi ya aina moja, mtu mmoja, halafu akakodi seva? Buildroot ni amri ya make menuconfig, inakuja menyu, unachagua, unaenda kula, ukirudi imeji ipo. Iko tangu 2001. Tena faili zake ni Makefile na Kconfig ambazo mtu anaweza kuzisoma akaelewa. Kosa la bitbake, injini ya Yocto, ni ukurasa mzima mwekundu na sababu yenyewe iko mstari wa tatu toka juu.

sheikh_terminal
Assalaam aleikum. Jamani mbona mnajitesa, bodi hiyo inakuja na Debian. Weka programu, nakili eMMC nzima kwa amri ya dd, arobaini zote zimekwisha.

nyaya_tatu
Sheikh ukinakili hivyo bodi zote 40 zina machine-id (kitambulisho cha mashine) moja na funguo za SSH, za kuingilia kwa mbali, zile zile. Nimeshaona bodi mbili zinapewa IP moja na ruta, watu wanabadilisha nyaya siku nzima. Ni kufuta tu kabla ya kunakili lakini nani hukumbuka.

chipu_ndogo
Swali la kijinga. Namba moja ya joto kila dakika tano, Linux ya nini hapo? ESP32, chipu ndogo ya bei poa isiyohitaji Linux, inamaliza hiyo kazi.

mkulima_wa_kodi
Mteja anataka kuhifadhi data ya mwezi mzima mtandao ukipotea, na ukurasa wa kuangalia pale pale kituoni, na modemu ni ya USB.

chipu_ndogo
Bado ESP32 inaweza. Kadi ya SD, na modemu ya UART (waya za siriali) badala ya USB.

dada_bodi
Haya sasa mwambie aandike upya C++ yake yote kabla ya Ijumaa 🙄

mzee_siriali
Vijana mnapigania jiko na mchele haujaoshwa. Mimi bodi hiyo hiyo ilinitoa jasho mwaka juzi na haikuhusu Yocto wala Buildroot. Programu ilikuwa inaganda kwenye Modbus, lugha ya kuongea na vihisi, nikaweka gdbserver kwenye bodi, gdb ya kutafutia makosa kwenye laptopu, nikaweka brekipointi, mahali pa kuisimamisha programu. Inasimama vizuri, naanza kuangalia vigeu, mara "Remote connection closed". Bodi imejiwasha upya. Narudia, hivyo hivyo. Nikasema adapta, nikaenda Kariakoo nikanunua nyingine, ile ile. Nikanunua ya tatu yenye ampea zaidi. Nikasema joto, nikaweka feni. Nikasema RAM, nikalaza memtester, kipima RAM, usiku kucha, safi kabisa. Logi hazina kitu kwa sababu zilikuwa zinakaa kwenye RAM. Mwishowe nikachomeka kebo ya siriali nikakaa naitazama: hakuna panic, hakuna oops, yaani kerneli hailalamiki kosa lolote, ni kimya halafu ghafla U-Boot SPL, programu ya kwanza ya kuwasha bodi, inaanza. Kijana wangu wa mafunzo akapita na chai yake akauliza, "Mzee, ukisimamisha programu, yule mbwa anamlisha nani?" Nikanyamaza. Wochidogi, mbwa mlinzi anayewasha bodi upya asipolishwa, niliiweka mwenyewe, programu ndiyo inayomlisha kwa kuandika /dev/watchdog, na kwenye chipu ile bila kupanga kitu ni sekunde 60. Ukisimama kwenye brekipointi dakika moja, mbwa anang'ata. Siku nne na adapta mbili. Sasa hivi nina swichi ya kuizima wakati wa kudibagi tu. Field usithubutu kuitoa, ndiyo itakayokuokoa na ile pikipiki.

fundi_kerneli
😂😂 chai ya huyo kijana uliilipa?

mkulima_wa_kodi
Shikamoo mzee. Nimejifunza. Ila kwangu gdb inaonyesha ?? tupu, hakuna jina la fanksheni hata moja.

mzee_siriali
Marahaba. Faili za kwenye bodi zimevuliwa alama zake, yale majina ya fanksheni. Kwenye laptopu mpe gdb ile ambayo haijavuliwa, na kama ni Buildroot amri ya set sysroot ielekee folda ya output/staging. Ya kwenye bodi iache nyembamba.

nyaya_tatu
Na kebo ya siriali iwe ya volti 3.3, ya volti 5 itaua pini. Safu ya pini za siriali ni J1, pini 1 gnd, 4 RX (kupokea), 5 TX (kutuma), unakutanisha TX na RX. Halafu hujaulizia kubwa: umeme ukikatika katikati ya kuandika. Mfumo uwe wa kusoma tu, data iwe na patisheni yake. Na bodi haina betri ya saa, ikiwaka inadhani ni mwaka 2000, cheti cha TLS, cha kutuma data kwa usalama, kinakataliwa mpaka ipate muda wa mtandao.

dada_bodi
Na usasishaji? Kuna zana za RAUC au SWUpdate, patisheni mbili, mpya ikigoma inarudi ya zamani. Saa nne za pikipiki si mchezo.

mkulima_wa_kodi
Muuzaji kanipigia sasa hivi, BeagleBone anazo 15 tu, ishirini na tano zilizobaki anataka kunipa bodi ya aina nyingine.

dada_bodi
MACHINE = 😌 Yocto jina la bodi ni mstari huo tu.

fundi_kerneli
Defconfig mbili, faili la mipangilio kwa kila bodi. Tatizo liko wapi?

chipu_ndogo
ESP32 ziko tele.

mkulima_wa_kodi
Aisee. Kuna mwenye RAM ya laptopu DDR4 GB 16 anauza Dar?

sheikh_terminal
Ninayo, ilitoka kwenye laptopu iliyovunjika kioo. Niko Unguja, nitaipakia boti ya kesho asubuhi. Njoo inbox.