Je, tunaweza kunasa mawimbi ya nyota za kwanza tukiwa Moshi?

Mwl_Fizikia_Moshi
Wakuu, klabu ya fizikia ya sekondari hapa Moshi ina RTL-SDR (kipokezi kidogo cha redio cha kuchomeka kwenye kompyuta) na laptopu. Wanafunzi wamesoma kwamba mwaka 2018 kikundi cha EDGES, chenye antena Australia Magharibi, kilitangaza alama ambayo nyota za kwanza ziliacha kwenye mawimbi ya gesi ya haidrojeni, kwenye 78 MHz. Kipokezi chetu kinashika masafa hayo. Tukikiacha kirekodi usiku kucha kwa miezi, kelele si itapungua hadi alama ionekane? Kama haiwezekani, vifaa hivi vinafaa kwa nini?

Haidrojeni21
Mwalimu, muda si kikwazo, na hapo ndipo wengi hupotea. Kwenye 78 MHz anga lina kelele ya redio, inayopimwa kama joto, ya kelvini 1,500 hivi, karibu yote ya galaksi yetu. Alama iliyotangazwa ina kina cha kelvini 0.5. Ukipima kwa vipande vya 400 kHz, saa tano zinatosha kushusha kelele ya kubahatisha hadi kelvini 0.02. Kinachowashinda watu ni chombo chenyewe.

Chukua kebo tu. Kebo ya mita 10 kati ya antena na kipokezi hurudisha nyuma sehemu ya mawimbi, na marudio hayo huchora mikunjo kwenye spektra (mchoro wa nguvu ya mawimbi kwa kila masafa) kila baada ya 12 MHz hivi. Alama ya EDGES ina upana wa 19 MHz. Utazitofautishaje? Wenzetu wa EDGES walikizika kipokezi chini ya antena, juu yake wakatandaza wavu wa chuma wa mita 30 kwa 30. Hata hivyo antena ya kikundi kingine, SARAS 3, iliyoelea juu ya maji kusini mwa India, haikuiona alama hiyo. Matokeo yake yalitoka 2022 na ubishi haujaisha.

Halafu redio za FM, jirani kabisa, zinaanzia 87.5 MHz. Kujificha nyuma ya Kilimanjaro hakutoshi, maana mawimbi hudunda kwenye ndege za KIA na kwenye mikia ya vimondo.

FundiAntena_AR
Hamieni 1420.4 MHz. Haidrojeni ni ileile. Ile ya zamani mawimbi yake yamenyooshwa mara 18 na kutanuka kwa ulimwengu, ndiyo maana yanatufikia kwenye 78. Ya galaksi yetu mtaiona siku hiyohiyo.

Kwa antena, tafuteni makopo ya bati yenye kipenyo cha sm 15. Chini ya sm 12.4 wimbi halipiti kabisa, zaidi ya sm 16 linaanza kuvurugika. Unganisheni mawili yafike urefu wa sm 28 hivi, upande mmoja uzibwe. Toboeni sm 9.3 kutoka kwenye kitako, ingizeni waya wa shaba wa sm 5 uliolehemewa kwenye soketi. Mdomoni fundi bati awatengenezee faneli yenye upana wa sm 70. Amplifaya yenye kelele ndogo (desibeli 0.5 hadi 0.8) ifungwe palepale kwenye kopo, kabla ya kebo; ikiwekwa upande wa laptopu, kebo imeshakula alama. Baada yake filta inayopitisha 1420 MHz, la sivyo minara ya simu italemea kipokezi.

Wekeni kitovu kwenye 1419.5 MHz, si 1420.4: RTL-SDR ina mwiba wa uongo katikati ya spektra, nao utakaa juu ya kile mnachokitafuta.

Mwl_Fizikia_Moshi
Asante sana. Tuielekeze wapi, na kwa muda gani?

Haidrojeni21
Juu kabisa, wima. Hapa mna bahati ya latitudo: mkanda wa galaksi, kwenye longitudo yake ya digrii 30, unapita karibu na utosi wa Moshi. Katikati ya Agosti hiyo ni kati ya saa tatu na nusu na saa nne usiku. Kila mwezi unaofuata inawahi kwa saa mbili. Hamhitaji mota wala stendi ya kugeuza.

Kwa vipande 1,024 vya masafa na joto la mfumo (kelele yote ya vifaa na anga) la kelvini 150, dakika moja inashusha kelele hadi kelvini 0.4, wakati haidrojeni pale ni makumi ya kelvini. Rekodini tena saa sita baadaye mkanda ukishaondoka, kisha gawanyeni spektra ya kwanza kwa ya pili ili umbo la filta lifutike. Mtaona kilima kinachotambaa karibu nusu MHz chini ya 1420.4: ni gesi inayotukimbia hadi kama kilomita 100 kwa sekunde.

FundiAntena_AR
Msipoona kitu, elekezeni faneli ardhini. Ardhi ina kelvini 300, kwa hiyo kiwango cha kelele lazima kipande waziwazi. Kisipopanda, amplifaya haipati umeme kupitia kebo au waya wa shaba umegusana na bati.