Tupeane uzoefu: uliuza hisa zako lini, na ulijuaje kuwa wakati umefika?

Mkazi wa Pongwe
Wakuu, habari za jioni. Mada za kununua hisa zimejaa kila kona: fungua akaunti ya CDS (ile inayotunza hisa zako), tafuta dalali, chukua benki ya CRDB, chukua NMB. Za kuuza hazionekani, na kuuza ndiko kunakotunyima usingizi. Wana Tanga, na wa kwingine pia karibuni, tusimuliane.

Naanza mimi. Huku kwetu kiwanda cha saruji ni jirani, kwa hiyo hisa za Simba, yaani Tanga Cement, tunaziongelea kama mambo ya mtaa. Nilizinunua kipindi ambacho hazina mtu, na siku ile ile nikaandika kwenye daftari sababu mbili za kuuza: mtoto akihitaji ada, au kampuni ikibadilisha mmiliki. Oktoba 2021 ikatangazwa kwamba Scancem, iliyo chini ya Heidelberg ya Ujerumani, inataka kununua asilimia 68.33 ya hisa, zilizokuwa za kampuni ya AfriSam. Basi mji ukachangamka! Watu waliokuwa hawajui gawio (ile faida wanayogawiwa wenye hisa) ni nini wakawa wanaulizana bei kwenye daladala.

Niliuza nusu kelele zikiwa zimepamba moto. Yaliyofuata mnayakumbuka: Twiga, kiwanda kingine cha saruji, nayo ni ya Heidelberg hao hao, watu wakahoji ushindani wa saruji utabaki wapi, Baraza la Ushindani likatengua kibali cha mauzo hayo mwaka 2022, hata hivyo dili likakamilika 2023, na 2024 kampuni ya Amsons ikanunua kutoka kwao. Muda wote huo saruji ilikuwa inatoka Pongwe ile ile, ila kila barua ikitoka watu wanafurahi au wanaogopa upya.

Msimamo wangu ni huu. Kelele za watu hazikuambii kampuni ina thamani gani, ila zinakuambia kwamba wanunuzi wapo. Soko letu la Dar es Salaam ni dogo, na zipo hisa ambazo likilala unaweka oda, unafungua simu asubuhi, upande wa wanunuzi ni mtupu. Jioni hivyo hivyo. Anayesubiri hofu iingie ndipo auze anakuta wenzake wamepanga foleni mbele yake na hakuna wa kumuuzia.

Mwalimu Mstaafu, Chumbageni
Mwanangu umesema vizuri, lakini mimi naona tofauti kidogo. Nina NMB tangu zilipouzwa kwa umma mwaka 2008, hisa moja shilingi 600. Kuna miaka bei iliganda mpaka wenzangu wa shuleni wakaona hakuna kitu. Ndugu yangu mwenye CRDB za 2009, zile za shilingi 150, yeye alishuhudia zikishuka chini ya bei aliyonunulia. Hatukuuza, kwa kuwa gawio lilikuwa linaingia, linakatwa asilimia 5 ya kodi, linalobaki ni letu. Leo hizo bei za mwanzo zimeachwa mbali.

Mara moja tu niliuza, tena chache, nikaezeka nyumba ya mama. Sikuangalia soko linasemaje, niliangalia mvua za masika. Kwa mtu mzima asiye na mshahara, haja ya nyumbani ndiyo saa yake ya kuuza. Nyinyi vijana hesabu zenu ni nyingine.

Kijana wa Makorora
Shikamoo mwalimu. Mimi ni Vodacom ya 2017, shilingi 850. Marehemu mzee ndiye alinunua, akatuachia. Mnakumbuka hamasa ya wakati ule: sheria imezitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 kwa wananchi, kila mtu ana fomu mkononi. Baada ya hapo bei ikashuka chini ya 850. Laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zikazimwa, na mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 kampuni ikatangaza hasara.

Nyumbani kauli ilikuwa moja: tusubiri irudi 850. Nikawauliza, hiyo 850 soko inaijua? Ile ni bei aliyolipa mzee, kampuni haidaiwi kuirudia. Tukakaa kikao cha familia, tukakubaliana tuuze kidogo kidogo tununue vipande vya UTT, mfuko wa pamoja wa uwekezaji, maana wadogo zangu wanasoma na fedha inatakiwa ipatikane wakati wowote. Ziliondoka mafungu kwa mafungu: leo hisa mia na kitu, kesho hakuna, keshokutwa mia mbili. Mama alilia, akahisi tunauza kumbukumbu ya mumewe. Hilo kwenye semina za uwekezaji hawalisemi, na kwetu ndilo lilikuwa gumu kuliko bei.

Mzee wa Mkonge
Wanangu, haya Tanga tumeshayaona bila hisa. Vita vya Korea vilipandisha bei ya mkonge, mwaka 1951 ikafika kileleni, baadaye ikaporomoka. Babu yangu alikuwa karani shambani, alituhadithia mabwana walivyokuwa wanapanua mashamba bei ikiwa juu kabisa, kila mmoja anamwangalia mwenzake. Kisha zikaja kamba za plastiki. Soko likishangilia, tazameni nani anauza.

Dada wa Sahare
Mkuu wa Pongwe, hujamaliza. Ile nusu nyingine unaiuza lini?

Mkazi wa Pongwe
Shikamoo mzee, hilo la mashamba nitalihifadhi. Dada, ile nusu sijaiwekea bei. Nimeandika sababu mpya: nasoma taarifa ya hesabu kila inapotoka, naangalia deni la kiwanda na kama wenye nayo wapya wanatoa gawio. Deni likipanda na gawio lisionekane, naiweka sokoni wiki ambayo watu bado wanaisifia, bila kusubiri waanze kulalamika. Na pale Makorora, kijana, pole sana kwa mzee. Mwambie mama hela za ada ndizo hizo hizo za mumewe.