Pensacola, Bob Jones, Liberty au Wheaton: kanuni za chuo kipi zinamfaa mwanafunzi anayetoka kwetu?

KaraniWaUsharika
Bwana asifiwe wakuu. Msimu wa udahili ukifika, wazazi huviweka vyuo hivi vinne vya Marekani kapu moja: "vya walokole". Havifanani. Navipanga kuanzia kamba fupi (kanuni kali) hadi ndefu (kanuni legevu), mwenye kujua zaidi asahihishe.

Pensacola Christian College (Florida, 1974) ndiyo kamba fupi kuliko zote. Mvulana na msichana hawagusani, hata mkono. Kwa miaka mingi hata ngazi na lifti zilitengwa, za wanaume na za wanawake. Vyumba hukaguliwa, na Jumapili wanafunzi husali kanisa la chuo chenyewe. Mahubiri hutumia Biblia ya King James.

Bob Jones (Greenville, South Carolina, chuo kilianza 1927 Florida, kikahamia Greenville 1947) imelegeza mengi, lakini muziki bado ni mgogoro. Roki na rapu hazina nafasi, na hata nyimbo za injili zenye mapigo ya kisasa zimekuwa zikikataliwa kwa miaka mingi. Upande wa pili kuna opera, kwaya na tamthilia za kiwango cha juu.

Liberty (Lynchburg, Virginia, 1971) ni kubwa mno, ina michezo ya daraja la kwanza, na kanuni zake huitwa Liberty Way. Ibada ya pamoja ni lazima, na kuna saa ya kurudi bwenini. Pombe hairuhusiwi hata nje ya chuo.

Wheaton (Illinois, 1860) haina orodha ndefu. Unasaini agano la jumuiya. Ibada ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Dansi iliruhusiwa mwaka 2003 tu, lakini kwa shahada ya kwanza pombe na tumbaku bado ni marufuku popote ulipo, hata ukiwa likizo.

FundiViza
Mpangilio mzuri, ila umeacha jambo zito. Kwa raia wa Marekani, kufukuzwa ni aibu na hasara ya ada. Kwa mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi, ni suala la uhamiaji.

Inavyokwenda ni hivi. Vyuo vyenye kanuni kali huhesabu alama za makosa: kuchelewa ibada alama kadhaa, chumba kichafu kadhaa, kutoka bila ruhusa nyingi zaidi. Zikifika kikomo, unasimamishwa. Ukisimamishwa katikati ya muhula huna masomo, na F-1 ya shahada ya kwanza inadai angalau krediti 12 kila muhula. Ofisa wa wanafunzi wa kigeni analazimika kuifunga rekodi yako kwenye SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni. Siku 60 za kujiandaa kuondoka ni za aliyemaliza masomo. Aliyejitoa kwa idhini ya ofisa huyo hupewa siku 15. Aliyevunja masharti hapewi hata moja.

Kwa hiyo alama zikifika nusu ya kikomo, nenda kwa ofisa huyo kabla hujaitwa na mkuu wa nidhamu. Kuhamia chuo kingine rekodi ikiwa hai ni rahisi. Ikishafungwa, unaanza kuomba kurejeshewa hadhi, na hiyo ni njia ndefu.

Mama_Kwaya
Watu wa TAG, EAGT na makanisa mengine ya Kipentekoste wasome hapa. Pensacola na Bob Jones vimetoka kwenye mkondo wa kifundamentalisti usiokubali kunena kwa lugha. Mtoto aliyelelewa kwenye mkesha wa maombi atashangaa kuambiwa kwamba jambo hilo ni kosa la kimafundisho. Liberty ilianzishwa na mchungaji wa Kibaptisti, ila wanafunzi wake ni mchanganyiko. "Mlokole" wa kwetu na "mhafidhina" wa kwao si lazima wawe mtu mmoja.

Mtazamaji_77
Tuseme na la rangi. Bob Jones haikudahili weusi hadi 1971, tena waliooa au kuolewa tu. Wasio na ndoa waliingia 1975. Uchumba wa watu wa rangi tofauti ulikatazwa hadi Machi 2000. Katazo hilo ndilo lililoifanya ishindwe Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1983 kwenye kesi ya msamaha wa kodi, na mwaka 2008 chuo kiliomba radhi hadharani. Ni historia, lakini mzazi aijue.

Na Liberty isichukuliwe kuwa ni kamba ndefu tu. Machi 2024 Idara ya Elimu ya Marekani iliitoza faini ya dola milioni 14 kwa kuvunja sheria ya kuripoti uhalifu chuoni. Moja ya yaliyoelezwa ni kwamba waliodhulumiwa kingono waliogopa kuripoti wasije wakaadhibiwa wao kwa kuvunja kanuni za chuo, kama ya pombe. Katika kitabu cha kanuni cha chuo chochote, tafuteni kifungu kinachomlinda anayeripoti. Kama hakipo au kimeandikwa kwa mafumbo, ulizeni kwa barua pepe, mpate jibu la maandishi.

KaraniWaUsharika
Mtazamaji, hilo la kifungu sikuliwaza. Nakubali.

Mhakiki_wa_Vyeti
Ithibati ndiyo itakayowabana mkirudi. Kule hutolewa na mashirika mbalimbali: Wheaton iko chini ya HLC, Liberty chini ya SACSCOC, na Bob Jones iliingia SACSCOC mwaka 2017. Pensacola ina ithibati ya TRACS, shirika la vyuo vya Kikristo, tangu 2013. TRACS inatambuliwa na serikali ya Marekani, lakini vyuo vingi vya huko husita kupokea krediti zake, kwa hiyo kuhama baada ya mwaka mmoja kunaweza kukurudisha mwanzo. Kabla ya kulipa chochote, waulizeni TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania (Kenya ni CUE), kuhusu chuo na kozi yenyewe.

Pensacola haichukui misaada ya serikali, na watu hulitaja hilo kama dosari. Kwa F-1 halina uzito, maana msaada huo hamuupati popote. Ada yake ndiyo nafuu kuliko zote nne, Wheaton ndiyo ghali.

BintiNandi
Kama lengo ni malezi tu, Baraton, chuo kikuu cha Waadventista hapa Kenya, ipo: Sabato tangu jua la Ijumaa linapozama, na kantini isiyo na nyama. Nauli ni ya basi.

FundiViza
Kweli, BintiNandi. Kwa watakaokwenda, mambo mawili. Kwanza, ulizeni mabweni yanafungwa lini Desemba na nani atabaki na wanafunzi wa kigeni, kwa sababu kulala kwa rafiki nje ya chuo huweza kuhitaji kibali. Pili, msinunue nguo huku kwa picha za mtandaoni. Pakueni kitabu cha kanuni cha mwaka huu huu, kwani urefu wa sketi na ruhusa ya suruali kwa wanawake vimekuwa vikibadilika. Kitabu cha miaka mitatu iliyopita kitawajazia sanduku nguo zisizovalika darasani.