Siku sita Jambiani, tunajipikia wenyewe: tupange vipi?

Kijana wa Nkuhungu

Habari za leo wakuu. Mimi na mke wangu tunaondoka Dodoma baada ya Nane Nane. Tunataka kufika Unguja Jumatatu tarehe 10 Agosti 2026 na kurudi Jumapili tarehe 16. Ni mapumziko yetu ya kwanza ya ufukweni na hoteli hatuitaki. Tumeona nyumba ya chumba kimoja yenye jiko huko Jambiani, hatua chache kutoka majini, na hela ya kuishikia hatujatuma bado.

Tunaomba ushauri kwa wanaoijua pwani ile. Tununue nini mjini na nini tukipate kijijini, kwa kiasi gani kwa watu wawili? Mwenye nyumba tumuulize nini kabla ya kulipa? Na bahari yenyewe, tunaweza kuogelea muda wowote? Picha zote tulizoona maji yamejaa hadi kwenye minazi.

---

Bamvu

Mkuu, kabla ya sufuria angalia mwezi. Picha hizo zimepigwa maji yakiwa yamejaa. Pwani ya mashariki ina mwamba mrefu huko nje, na kati ya mwamba na mchanga kina ni kifupi. Maji yakipwa yanakimbia hadi kule mwambani, na mbele ya nyumba yenu panabaki mchanga, vidimbwi na mashamba ya mwani. Hapo hakuna kuogelea, mtaishia kulowesha miguu.

Sasa tazama tarehe zenu. Mwezi mpya unaingia tarehe 12 Agosti, kwa hiyo wiki yenu yote imeangukia kwenye bamvu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa Unguja hukaribia mita 4. Siku za bamvu maji hujaa kama saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa 4, asubuhi na usiku. Wiki ya bamvu kila siku yanachelewa kwa dakika 30 hadi 40 hivi. Hesabu basi: Jumatatu mtakayofika yatajaa karibu saa 9 alasiri, Alhamisi kama saa 10 na nusu, Jumapili yamesogea hadi saa 12 jioni. Muda mzuri wa kuogelea ni kuanzia saa mbili kabla ya kujaa hadi saa mbili baada. Maana yake asubuhi zenu nyingi hazina bahari ya kuogelea, na jioni zote zinayo.

Kama mnataka kuoga baharini asubuhi mkitoka kitandani, sogezeni safari kwa wiki moja, tarehe 17 hadi 23. Robo ya kwanza ya mwezi ni tarehe 20, hapo ni maji mafu: yanajaa kama saa 4 au 5 asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali.

Lakini kwa watu wanaojipikia mimi nisingehamisha tarehe. Bamvu ndiyo wiki ya pweza. Saa 3 asubuhi mtawaona wanawake na vijana wakielekea mwambani na vijiti vyao, na kuanzia saa 6 mchana wanarudi. Hapo ndipo mnasimama na bakuli lenu.

Mkitaka na nyinyi kutembea hadi mwambani, vaeni viatu vya plastiki vyenye soli ngumu. Kuna wale wadudu wenye miiba mirefu myeusi, na mwiba ukikatikia kwenye nyayo kuutoa ni kazi. Msikanyage kamba na vijiti vya mwani, ile ni kazi ya watu. Na geuzeni kurudi saa ile ile maji yanapofika mwisho wa kupwa, msingoje kuona yakipanda. Maji yanaporudi huanza kujaza mikondo iliyo nyuma yenu, kati yenu na ufukwe, huku mliposimama bado pakavu. Watu wengi hukwama hapo.

---

Bi Thomu

Karibuni sana Unguja, mwanangu. Mimi nitasema ya jikoni.

Mkishuka bandarini Malindi msipande gari moja kwa moja. Soko la Darajani ni mwendo wa dakika 10 hadi 15 kwa miguu, na vitu vikavu vyote vinunueni hapo au Mwanakwerekwe, ambako ndiko njia yenu ya kuelekea kusini. Vijijini maduka yapo, lakini chaguo ni dogo na bei imepanda kwa usafiri. Bebeni kikapu, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku.

Kwa watu wawili, siku sita, milo miwili: mchele kilo 2, mbatata kilo 2 (nyinyi mnaita viazi mviringo), unga wa ngano kilo 1 mkipenda chapati, vitunguu maji kilo moja na nusu, thomu vichwa vitatu, tangawizi kipande cha kiganja, ndimu 15, mafuta lita 1, choroko nusu kilo kwa siku ambayo samaki hakuna. Maharage yaacheni, yatakula gesi yenu. Bizari, hiliki, mdalasini na pilipili manga chukueni vijifungu vidogo kabisa; Darajani viungo ndiyo nyumbani kwake, msibebe kutoka Dodoma.

Tungule, yaani nyanya, nunueni kilo 1 tu na mchague zilizo nusu mbichi. Zilizoiva zikipanda daladala namba 309 hadi Jambiani zinafika mchuzi. Nyingine mtapata kijijini, zinauzwa kwa fungu.

Nazi zote za kijijini. Moja inatosha wali wa watu wawili, moja inatosha mchuzi. Itikiseni sikioni: isiposikika maji ndani, iacheni. Muulizeni mwenye nyumba kama ana mbuzi ya kukunia na kifumbu au chujio. Nyumba za wageni nyingi zina glasi za mvinyo sita na mbuzi hakuna, na wali wa nazi bila mbuzi mtaupikaje?

Mkate wa asubuhi msihangaike nao. Alfajiri kuna boflo, maandazi na chapati za watu wanaopika majumbani. Mnanunua za moto.

Samaki ni wa diko, pale vyombo vinapotua. Vyombo huingia maji yakipanda, kwa hiyo wiki yenu ni alasiri. Mnaweza kununua kwenye mnada au kwa mchuuzi pembeni. Kwa watu wawili mchuuzi ni rahisi, mnadani wanauza mtungo mzima. Changu au tasi wa robo tatu kilo anawatosha mlo mmoja, maana kichwa, miba na matumbo huchukua karibu nusu. Mwambieni ampae na kumtumbua pale pale, halafu mumuoshe kwa maji ya bahari. Jicho liwe limevimba na kung'aa, mashavu ndani yawe mekundu, na ukimbonyeza nyama irudi. Agosti ni msimu wa kusi, ule upepo wa kusini; ukikaza vyombo havitoki nje ya mwamba na diko linakuwa tupu siku mbili mfululizo. Siku ya samaki wengi nunueni wa siku mbili, nusu mtie kwenye friza.

---

Fundi Mtungi

Bi Thomu kamaliza. Niongezee ya nyumba, kwa sababu hapo ndipo hela hupotea.

Msimlipe mtu kwa picha. Mwombeni awapigie simu ya video akiwa ndani ya nyumba, awashe jiko, afungue friji, afungue bomba la jikoni na la bafuni, kisha atoke nje atembee hadi baharini bila kukata. Anayekataa, tafuteni nyumba nyingine. Nyumba inayopangishwa watalii inatakiwa iwe na leseni ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Mwombeni picha ya leseni na jina lifanane na la anayepokea hela. Lipeni sehemu, iliyobaki mkabidhi mkiwa mmeshika ufunguo. Makubaliano yote yawe kwa maandishi ya ujumbe: tarehe, bei kwa shilingi, nani analipa umeme, nani analipa gesi. Na bebeni vitambulisho vyenu pamoja na nakala ya cheti cha ndoa, baadhi ya wenye nyumba huiulizia.

Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa kebo iliyopita chini ya bahari, na mita zao ni za TUKUZA, siyo LUKU mliyoizoea. Mwambieni mwenye nyumba awatumie namba ya mita mapema, mkinunua kwa simu chagueni ZECO, shirika la umeme la Zanzibar. Umeme ukikatika chomoeni friji, ukirudi ngojeni dakika kama kumi kabla ya kuchomeka, kwa sababu unaporudi huwa unapanda na kushuka. Usiku wa kwanza jazeni chupa mbili za lita moja na nusu maji na kuzigandisha. Zikiwa katikati ya friji lililofungwa, samaki wenu atavuka usiku mmoja bila umeme.

Gesi: mkipika saa tatu kwa siku kwa jiko moja mnatumia kama nusu kilo. Siku sita ni kilo 3, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 ulio nusu unatosha kwa kubana. Kujua kilichomo, mwagieni ubavu wa mtungi kikombe cha maji ya moto, ngoja kidogo, pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Pale joto linapogeuka kuwa baridi ndipo gesi ilipoanzia. Kisha pakeni povu la sabuni pale kichwa kinapokaa juu ya mtungi na kwenye mpira wote. Povu likitoa mapovu mapya, funga, mtungi utoke nje ya nyumba, mpigie mwenye nyumba. Fanyeni hivyo saa ile ile mnapoingia, kungali mchana na maduka yako wazi.

Maji ya bomba upande ule mara nyingi yana chumvichumvi kwa sababu visima viko karibu na bahari. Ya kuogea sawa, lakini chai itakuwa na ladha ya ajabu na choroko hazitaiva upesi. Wekeni lita 6 za kunywa na 2 za kupikia kwa siku, jumla lita 48. Nunueni madumu mawili ya lita 20 mwanzoni, la tatu katikati ya wiki.

---

Kijana wa Nkuhungu

Aisee, nashukuruni sana. Tarehe tunaziacha zilivyo. Bi Thomu, shikamoo. Pweza hatujawahi kumpika hata mara moja, huku kwetu hayupo. Na jodari je, tunaweza kununua kipande tu?

---

Bi Thomu

Marahaba mwanangu. Pweza wa kilo moja na nusu anawatosha, maana anapungua karibu nusu akiiva. Mwulizeni muuzaji kama ameshampigapiga. Kama bado, mwombeni ampige pale pale kwenye jiwe. Njia ya pili ni kumlaza kwenye friza usiku mzima, barafu inavunja nyama na analainika mwenyewe. Geuzeni kichwa, toeni matumbo na mdomo ule mgumu katikati ya mikono.

Mtieni kwenye sufuria bila maji na bila chumvi, moto mdogo, mfuniko juu. Baada ya dakika kumi mtaona amejikunja, rangi imekuwa ya zambarau, na ametoa maji mengi mekundu. Aive kwa maji hayo hayo dakika 45 hadi saa nzima. Uma ukiingia kwenye shina la mkono bila kusukuma, ameiva. Hapo ndipo mnamkata, mnakaanga vitunguu, thomu na tungule, mnamrudisha na tui jepesi, na tui zito mwishoni. Likishatiwa tui zito koroga, lisichemke kwa nguvu, litakatika.

Jodari kipande mtapata, lakini nunueni aliyelala kwenye barafu tu. Aliyekaa juani huota sumu ambayo moto hauiondoi. Mtu anakula, mdomo unawasha, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga. Na samaki wa kujivua wenyewe vidimbwini muonyesheni mtu wa pale kabla ya kumpika. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, anaua.

---

Kaskazini Kendwa

Natofautiana kidogo na Bamvu. Kwa mara ya kwanza, na mke wake anataka kuogelea, mimi ningewapeleka Kendwa au Nungwi, kaskazini mwa kisiwa. Huko maji hayakimbii mbali, mnaogelea karibu siku nzima, na Agosti upepo wa kusi haupigi uso kwa uso kama mashariki. Nungwi pia ina diko kubwa. Ubaya wake ni kwamba nyumba zenye jiko ni chache na bei iko juu.

---

Bamvu

Kweli kabisa kuhusu maji. Basi wafanye hivi: Jambiani walale, wakitaka bahari ya asubuhi watoe siku moja kwenda kaskazini kwa gari la kukodi. Ni mwendo wa saa mbili hivi kwenda, warudi kabla ya giza.

La mwisho ni boti. Kwenda Unguja upepo wa kusi unakuwa nyuma yenu, safari ya saa mbili inapita vizuri. Kurudi Dar mnakwenda kinyume nao na mawimbi yanapiga usoni, kwa hiyo dawa ya kichefuchefu ni ya Jumapili zaidi kuliko Jumatatu: mezeni saa moja kabla, kaeni ghorofa ya chini nyuma katikati, na chagueni boti ya asubuhi kabla upepo haujakaza. Boti ya saa 1 itawalazimu mtoke Jambiani saa 10 alfajiri, kwa hiyo ama mlale mjini Jumamosi, ama mchukue inayofuata. Tiketi za kurudi kateni pamoja na za kwenda.