Majaji wa drifti: wabaki mnarani au vipimo vitoe uamuzi?

Mwanakona

Tujadili hili bila kushikana mashati: drifti, yaani mchezo wa kupita kona gari likiteleza ubavu kwa makusudi, ihukumiwe na nani? Ligi za Formula Drift ya Marekani na Drift Masters ya Ulaya haziishi msimu bila pambano la magari mawili, moja likilifuata jingine, linaloacha mashabiki wakibishana wiki nzima: nani alimgonga nani, nani alistahili kusonga mbele. Dereva amesafirisha gari kwa kontena, mafundi wake wamekesha wakibadilisha gia boksi, halafu watu watatu wanapiga kura, mbili kwa moja, na kazi ya mwezi mzima imekwisha.

Japani wana njia nyingine. Ligi yao ya D1 Grand Prix inatumia mfumo unaoitwa DOSS. Kisanduku chenye GPS na jairo, kihisi kinachopima gari linavyozunguka, kinafungwa ndani ya gari, kinapima mwendo, pembe ya gari, uthabiti wa pembe hiyo, na ukali wa tendo la kulirusha gari kuingia kona. Kompyuta ndiyo inayotoa alama. FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, nao walipoanzisha Intercontinental Drifting Cup mwaka 2017 pale Odaiba, Tokyo, sehemu ya gari moja moja ilipimwa kwa mfumo huo huo.

Hoja yangu ni moja: majaji waondoke, vipimo vibaki. Anayepinga atoe sababu za kiufundi, asije na mapenzi ya dereva wake.

Spana Kumi na Saba

Mwanakona, umeeleza nusu tu. DOSS inalipa alama gari lenyewe. Ikifika pambano la wawili, huko huko D1 alama za ukaribu za anayefuata zinatolewa na watu, kwa macho, kwa kutazama amemkaribia mwenzake kiasi gani. D1 ilianza mwaka 2000, hakuna ligi kubwa iliyoitangulia, na kisanduku wanacho. Bado hawajakiachia kiamue ufukuzanaji.

Gari likipita peke yake maswali ni machache. Aliingia na mwendo gani, pembe ngapi, aliishika au ilicheza? Tarakimu zinajibu. Wakipita wawili, kazi zinagawanyika. Wa mbele anapaswa kupita mstari uliotangazwa kwenye kikao cha madereva: nyuma ya gari ijaze maeneo ya nje yaliyochorwa chini, pua ikaribie nguzo ya ndani, apunguze mwendo pale tu palipoagizwa. Wa nyuma anapaswa kuiga mstari huo na pembe hiyo huku akiwa ubavuni mwa mwenzake. Sasa wa mbele akikosa eneo la nje kwa mita moja, na wa nyuma akakosa naye kwa kuwa njia imezibwa, kipimo kinawakata wote sawa. Jaji anajua mmoja kakosea na mwingine hakuwa na pa kupita.

Bi Ekseli

Niweke hesabu mezani, maana bila hesabu tutazunguka tu.

Gari la kilomita 120 kwa saa linakwenda mita 33 kila sekunde. GPS inayosoma mara 10 kwa sekunde inaliona kila baada ya mita 3.3, inayosoma mara 20, kila mita 1.7. Ongeza kosa la mahali, ambalo kwa GPS ya kawaida ni mita kadhaa. Kwenye pambano zuri, bampa la anayefuata liko chini ya nusu mita kutoka mlango wa aliye mbele. Kwa kipimo hicho hujui hata kama wamegusana.

Zipo GPS za kisasa zinazosahihishwa na kituo cha pembeni mwa uwanja, kosa lake ni sentimita chache. Lakini hizo zinataka anga wazi. Odaiba palikuwa peupe, kwa hiyo hapakuwa na shida. Long Beach, Marekani, wanakoshindana Formula Drift, ni mitaa ya mji: ukuta wa zege, majukwaa, majengo marefu. Fainali za Drift Masters zimefanyika ndani ya uwanja wa mpira wa taifa pale Warsaw, majukwaa yamezunguka pande zote. Mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta kabla ya kufika kwenye antena, na gari linaonekana limeruka mita 2 pembeni wakati halikuruka popote.

Pembe ni habari tofauti, na hapo nakubaliana na Mwanakona. Pembe ya drifti ni tofauti kati ya pua inapoelekea na gari linapokwenda kwa kweli. Ukifunga antena mbili juu ya paa, umbali wa mita 1 au zaidi, na jairo ya kujaza mapengo, unaipata vizuri kuliko jicho lolote. Jairo peke yake haitoshi, maana kosa lake linajilimbikiza sekunde hadi sekunde.

Msomaji wa Seeb

Tusisahau huku Ghuba. Kwenye mashindano ya Car Park Drift, yaliyoanzia Lebanon mwaka 2008 kabla ya kufika kwetu, moshi wa matairi na mlio wa injini navyo vina alama. Kisanduku gani kitapima hivyo kikaridhisha watu waliojaa jukwaani? Ni mchezo wa watazamaji pia.

Hendibreki Mkononi

Suala kubwa kwangu ni lingine: chochote unachokipima, fundi atakitengenezea gari.

Ukiipa pembe uzito mkubwa, kila timu itakimbilia mkato wa usukani. Gari la kawaida magurudumu ya mbele hukata kama digrii 35 hadi 40. Vifaa vya kampuni ya Wisefab na washindani wake vinafikisha 60 na kupita. Vinafupisha mkono unaoshikwa na tairodi (fimbo inayosukuma gurudumu likate), vinasogeza wishiboni (mkono unaobeba gurudumu) ili tairi lisigonge chasisi, na vinafanya magurudumu mawili ya mbele yakate karibu sawa badala ya la ndani kukata zaidi. Hapo kuna mtego. Mkato ukizidi, tairodi na ule mkono vinakaribia kulala kwenye mstari mmoja. Vikiupita mstari huo, usukani unakwama upande uliokatwa, haurudi wenyewe, hata dereva akiuachia ujizungushe kama kawaida. Kinachofuata ni gari kuzunguka, na anayefuata kwa karibu analikuta limekaa ubavu katikati ya njia. Ndiyo maana fundi mwenye akili anafunga kizuizi kwenye reki ya usukani, inayosukuma tairodi, anajinyima digrii chache.

Ukiupa ukali wa kuingia uzito mkubwa, madereva watalirusha gari kwa nguvu mno mlangoni mwa kona. Kwa kisanduku ni alama. Kwa aliye nyuma ni balaa, maana gari linalorushwa kwa ukali linapoteza mwendo ghafla.

Na kipimo kinapofaa kwelikweli tumekiona. Mwaka 2016 Masato Kawabata alidrifti Nissan GT-R kwa kilomita 304.96 kwa saa, pembe ya digrii 30, kwenye uwanja wa ndege wa Fujairah. Gari moja, njia ndefu iliyonyooka, anga wazi, hakuna mtu ubavuni. Rekodi hiyo haibishaniwi. Ila pambano la wawili halifanani nayo hata kidogo.

Mwanakona

Hoja ya anga na kuta naipokea. Lakini hamjagusa udhaifu wa macho.

Mnara wa majaji uko sehemu moja. Magari yakija yakiwaelekea, pengo la mita 3 linaonekana kama mita moja, kwa sababu jicho linaona upana tu na kina kinapotea. Yakipita ubavuni mwa mnara, mita hizo hizo 3 zinaonekana zote. Kwa hiyo dereva anayefuata kwa karibu kwenye kona ya ubavuni anahesabiwa sawa na yule aliyefuata kwa mbali kwenye kona ya mbele yao. Marudio ya video yanasaidia ikiwa tu kamera ilikuwa mahali sahihi. Na moshi je? Gari lenye nguvu za farasi 1000 linamwaga moshi mpaka anayefuata anapotea ndani yake. Hapo jaji anakisia.

Spana Kumi na Saba

Hilo la kina ni kweli kabisa, kaka, na dawa yake ni ndogo: kamera ya droni inayoangalia kutoka juu. Jaji akitazama picha ya juu kabla ya kupiga kura, pengo analiona kama lilivyo. Moshi unabaki tatizo, lakini mara nyingi bampa na paa vinaonekana. Hujaondoa mtu, umempa jicho la pili.

Mkongwe wa Difu

Vijana, mnabishania pembe na pengo, ilhali kelele zote zinazotajwa hapo juu zinatokana na migongano. Nani alisababisha? Hapo ndipo jicho linashindwa kabisa, droni ikiwepo au isiwepo, kwa sababu jibu liko miguuni mwa dereva.

Chukua kona ya kilomita 110 kwa saa, mita 30 kila sekunde. Mtu mwepesi anachukua robo sekunde kutambua kitu na kuanza kukanyaga. Robo sekunde ni zaidi ya mita 7. Anayefuata kwa nusu mita hawezi kuitikia kosa la aliye mbele, hata awe nani. Anaendesha kwa imani kwamba wa mbele atapunguza pale tu palipotangazwa.

Sasa wa mbele anataka kumtega. Hahitaji kuachia mafuta. Anakanyaga breki kwa mguu wa kushoto, mguu wa kulia bado umekandamiza mafuta mpaka chini. Mnarani wanasikia injini inanguruma ileile, wanaona moshi uleule, pembe haijabadilika. Gari limepungua kilomita 8 au 10 kwa saa mahali pasipostahili, bampa la mwenzake limeingia mlangoni, na kwa macho ya kila mtu anayefuata ndiye mkosaji.

Na upande wa pili upo. Gari linaweza kupungua bila dereva kufanya lolote. Matairi ya nyuma ya magari haya yanawekwa presha ndogo ili yashike, pea moja inaisha kwa mizunguko michache. Yakipata moto kupita kiasi mpira unabanduka kwa vipande, mshiko unakatika. Turbo nayo inaweza kuachia paipu. Kwa nje, kutega kwa makusudi na tairi kubanduka vinafanana sana.

Kwenye data havifanani. Presha ya breki imepanda na pedali ya mafuta iko asilimia 100: ametega. Presha ya breki iko sifuri, pedali ya mafuta asilimia 100, magurudumu ya nyuma yameongeza kasi ya mzunguko huku gari likipungua: tairi limeachia. Mzunguko wa injini umeshuka na pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka chini: injini imeishiwa pumzi. Tarakimu tatu zinaondoa ubishi ambao majaji watatu hawawezi kuuondoa.

Kwa hiyo mimi nasema pembe, mstari na ukaribu waachiwe watu. Pedali zipewe kisanduku.

Bi Ekseli

Mzee, hapo umenena. Na gari kubwa lolote la drifti tayari lina kompyuta ya injini inayorekodi vitu hivyo, iwe Haltech, Link au MoTeC. Gharama ya ziada si kubwa.

Tatizo ni kuwa rekodi hiyo ni mali ya timu. Timu haitaitoa kwa hiari, maana ndani yake mna ramani ya boosti (presha ya turbo), mafuta na uwashaji, siri zao zote. Na wakiitoa baada ya mgongano, nani atahakikisha haijaguswa? Fundi wa kompyuta anaweza kubadilisha kipimo cha kihisi kwa dakika chache, presha ya breki isomeke nusu ya ilivyo.

Mkongwe wa Difu

Ndiyo maana kiwe kisanduku cha waandaaji, chenye lakiri, kinachofungwa wakati wa ukaguzi na kutolewa baada ya fainali. Kisiunganishwe kabisa na kompyuta ya injini. Kisome vihisi vyake chenyewe, na siri za timu hazitaguswa. Formula 1 tangu mwaka 2008 wanatumia kompyuta moja ya aina moja kwa timu zote, kwa hiyo wazo la kifaa cha lazima si geni kwenye mbio.

Hendibreki Mkononi

Kihisi cha breki kinafungwa wapi? Naona mwanya. Magari mengi haya hendibreki ni ya haidroliki. Mengine ina kalipa zake pekee nyuma (vibanio vinavyobana diski ya breki), mengine imepitishwa kwenye paipu ileile ya breki ya mguu. Ukifunga kihisi kimoja nyuma, dereva aliyevuta hendibreki kihalali kurekebisha pembe ataonekana amekanyaga breki. Ukikifunga mbele tu, hendibreki haionekani kabisa, na kuivuta mahali pasipoagizwa nako ni kutega.

Mkongwe wa Difu

Swali zuri sana. Vihisi viwili kwa uchache: kimoja paipu ya mbele, kimoja paipu ya nyuma. Mbele na nyuma vikipanda pamoja, ni mguu. Nyuma kikipanda peke yake, ni hendibreki. Gari lenye kalipa mbili kila upande nyuma linapata kihisi cha tatu kwenye paipu ya hendibreki. Na kuna timu zinazosukuma nguvu ya breki ya mguu karibu yote nyuma. Hizo mkaguzi azipime gari likiwa limesimama: dereva akanyage hadi mwisho, vihisi visomwe, tarakimu ziandikwe, lakiri ipigwe hapo hapo.

Mwanakona

Na muda? Formula Drift timu ina dakika 5 tu za matengenezo ikiomba. Watazamaji hawatakaa nusu saa wakisubiri grafu.

Bi Ekseli

Hawatasubiri. Mbio moja ni kama sekunde 30. Ukisoma vitu vitano mara 100 kwa sekunde, ni tarakimu 15,000 kwa gari, faili dogo kuliko picha ya simu. Linatumwa kwa redio kabla gari halijarudi kwenye mstari wa kuanzia. Jaji anahitaji sekunde 2 za kabla ya kugongana, magari mawili, mistari ya presha ya breki na mafuta ikiwa juu ya saa moja ya pamoja. Saa hiyo itoke kwenye setilaiti, maana muda wake ni sahihi hata mahali ambapo kipimo cha umbali kimeharibika. Saa za magari mawili zikipishana robo sekunde tu, tumerudi kwenye zile mita 7 za Mkongwe, na asiye na kosa ndiye atakayefungasha gari.