Daftari la filamu za mwaka: kipi kihesabiwe, na kipi kiandikwe?

Mwalimu wa Uyole

Ndugu zangu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Mbeya, ambako baridi ya Julai inatufungia ndani mapema na kutupa nafasi ya kuangalia filamu kuliko miezi mingine yote.

Tangu tarehe 1 Januari ninaweka kumbukumbu ya kila filamu ninayoiangalia. Nilinunua kaunta buku ya kwaya mbili pale Mwanjelwa, nikapiga mistari kwa rula na kugawa safu tano: tarehe, jina la filamu, nchi, mwigizaji mkuu, na alama kuanzia 1 hadi 10. Hadi jana nilikuwa nimefikisha filamu 47. Kilichonisukuma ni kwamba Desemba iliyopita mdogo wangu aliniomba nimtajie filamu tatu nzuri nilizoziona mwaka ule, nami nikashindwa kutaja hata moja kwa uhakika, ingawa nilijua vema kwamba karibu kila Jumamosi nilikuwa nimekaa mbele ya televisheni.

Sasa nimefika mahali ambapo daftari lenyewe linanitatiza. Filamu zetu nyingi za miaka ile ya santuri za DVD zilitolewa kwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja ikiuzwa peke yake. Je, niandike filamu moja au mbili? Kila Aprili huwa narudia filamu za marehemu Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012, na baadhi yake nimeziona mara nne au tano. Je, zihesabiwe upya kila mwaka? Filamu za Kihindi zilizotafsiriwa ninazowekewa kwenye flashi huja na jina alilolitunga muuzaji, wakati mwingine ni jina la steringi tu, nami sijui jina lake halisi. Kisha kuna zile ambazo hazikufika mwisho. Mwezi Mei nilikuwa kwenye basi nikitokea Makambako, wakaweka filamu nzuri sana tulipopita Chimala, nikashuka Uyole mhalifu akiwa bado hajajulikana. Niliiandika kwa penseli na hadi leo sijajua niipitishie kalamu au niifute.

Naomba wenye uzoefu wanisaidie. Nataka daftari hili lifike Desemba likiwa na maana.

Mkazi wa Kihesa

Mwalimu, nakusalimu kutoka Iringa na kukupongeza kwa kufika Julai, maana wengi tuliowahi kuanza nao waliachia Februari. Mimi ninaandika kwa mwaka wa tisa sasa na nina madaftari manne yaliyojaa.

Kuhusu hesabu, fungua ukurasa wa kwanza kabisa wa daftari lako na uandike humo masharti yako mwenyewe, kisha uyafuate hadi tarehe 31 Desemba hata kama katikati ya mwaka utayaona yana kasoro. Kasoro hizo zirekebishe kwenye daftari la mwaka unaofuata. Sharti langu la kwanza ni kwamba ninachokihesabu ni hadithi, wala si santuri. Kama sehemu ya kwanza inakatika shujaa akiwa ameshikwa koo na sehemu ya pili inaendelea pale pale, hiyo ni filamu moja, na tarehe ninayoiandika ni ile niliyoimaliza. Sharti la pili ni kwamba filamu niliyoirudia huandikwa tena kwa tarehe mpya, ila mbele yake naweka herufi R ili mwisho wa mwaka nijue zipi zilikuwa ngeni kwangu. Usione aibu kuziandika za Kanumba kila Aprili. Mtu aliyeangalia filamu moja miaka mitano mfululizo ana jambo la kusema juu yake kuliko yule aliyeiona mara moja.

Ile ya kwenye basi usiifute. Kurasa kumi za mwisho za daftari langu ni za filamu ambazo sikuzimaliza, nami huandika nilipoishia na sababu: umeme umekatika, santuri imekwaruzwa, usingizi, nimefika ninakokwenda. Hizo haziingii kwenye hesabu ya mwaka. Lakini mara tatu nimekutana tena na filamu ya namna hiyo, mara moja baada ya miaka minne, na kwa kuwa niliandika nilipoishia niliitambua mara moja.

Kuhusu filamu za Kihindi, kuna njia ambayo watu wengi huiruka kwa haraka ya kuanza hadithi. Filamu iliyopitishwa kuonyeshwa kwenye kumbi za India huanza na picha ya cheti cha bodi yao ya ukaguzi, na juu ya cheti hicho huandikwa jina la filamu, lugha yake, muda wake na daraja lake. Herufi U ni ya watazamaji wote na A ni ya watu wazima pekee. Simamisha picha hapo na unakili. Wapo watafsiri wanaokikata cheti ili waweke tangazo lao, na hapo itakubidi usubiri majina ya waigizaji. Za Marekani nazo, hasa za zamani, mwaka wake huonekana mwishoni kabisa kwa tarakimu za Kirumi: ukikuta MCMXCVIII ujue ni 1998.

Jambo ambalo ningependa ulipime zaidi ni hiyo safu ya alama. Daftari langu la mwaka 2017 limejaa saba na nane, na leo nikilisoma halinielezi chochote. Naona kwamba tarehe 3 Juni nilitoa nane, lakini nane ya nini? Nilichokuwa nimekipenda kimepotea. Tangu 2018 niliacha alama, na badala yake huandika sentensi moja kabla ya kulala, nayo inahusu kitu kimoja nilichokiona kwa macho yangu: mkono unaofunga dirisha, mzee anayehesabu sarafu mara mbili, gari linaloondoka wakati chai bado inafuka moshi mezani. Isiwe maoni, maana maoni hubadilika, bali iwe picha. Ukisubiri hadi asubuhi, utakuta umebaki na maoni matupu.

Kijana wa Mafiati

Shikamoo mwalimu, shikamoo mzee wa Kihesa.

Mimi naweka yangu kwenye jedwali la kompyuta, na naandika nakala ile ile kwenye programu ya simu ya Letterboxd, ambayo ilianzishwa New Zealand mwaka 2011 na ina ukurasa maalumu wa shajara ya filamu. Faida ya jedwali ni kwamba naweza kulipanga upya kwa nchi, kwa mwongozaji au kwa mwezi bila kuandika tena. Hasara yake niliionja mwaka juzi, simu ilipoibiwa stendi na kumbukumbu za miezi saba zikaondoka nayo kwa sababu sikuwa nimeweka nakala popote. Kwa hiyo anayetumia simu atume jedwali lake kwenye barua pepe yake kila Jumapili. Daftari la mwalimu haliibiki kirahisi hivyo.

Filamu zetu nyingi hazimo kwenye programu hizo, jambo linalowakatisha tamaa vijana wengi. Ni vizuri ifahamike kwamba Letterboxd huchukua taarifa zake kutoka hazina iitwayo TMDB, na hazina hiyo inajazwa na watu wa kawaida. Mtu yeyote akijisajili anaweza kuongeza filamu isiyokuwemo, pamoja na mwaka, waigizaji na picha ya jalada. Nimekwisha kuongeza filamu kumi na moja za Kiswahili kwa kuangalia majalada ya santuri za kaka yangu. Kama tusipoziandika sisi tulio nazo mkononi, sioni ni nani atakayekuja kuziandika.

Halafu kuna suala la jina. Filamu ya Vuta N'Kuvute ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi, kwenye orodha za kimataifa utaikuta pia kwa jina la Tug of War. Mimi huandika kwanza jina la lugha ambayo filamu inazungumza, kisha safu inayofuata naweka jina la pili. Kwa zile zilizotafsiriwa nina safu ya mtafsiri, kwa maana filamu aliyoitafsiri Lufufu haikuwa sawa na filamu hiyo hiyo ikiwa na sauti yake ya asili. Yeye alikuwa akisimulia, akiongeza na kufafanua mpaka watazamaji wa kibandani wakawa wanaifuata sauti yake kama wanavyoifuata picha. Ukiandika jina la filamu pekee, umeacha nusu ya ulichokisikia.

Jambo dogo kwa wanaopenda kujumlisha dakika: msishangae dakika za santuri zikipungua kuliko zilizoandikwa kwenye orodha. Filamu ya sinema huchukuliwa kwa picha 24 kwa sekunde, na santuri za mfumo wa PAL tunaoutumia huchezeshwa kwa picha 25, kwa hiyo filamu ya dakika 100 inaisha kwa dakika 96. Na kwa filamu fupi, mimi nafuata kipimo cha taasisi inayotoa tuzo za Oscar, ambayo huhesabu kuwa ndefu ile inayozidi dakika 40. Zilizo chini ya hapo nina jedwali lake.

Kwa heshima zote, kwenye alama sikubaliani na mzee wa Kihesa. Nane ya mwaka 2017 haielezi kitu ikisimama peke yake, lakini mimi nilipoirudia filamu moja niliyoipa tisa nikiwa kidato cha nne na safari hii nikaipa tano, tofauti ile ndiyo iliyonifanya nikae na kujiuliza nini kimebadilika. Na kwa sehemu ya kwanza na ya pili, kama zimepishana kwa miezi mitatu kwa sababu santuri ya pili haikupatikana, naona ni haki kuziandika mistari miwili, kwani mtazamaji mwenyewe hakuwa yule yule.

Binti wa Rungwe

Nawashukuru wote. Mimi niko Tukuyu, na yangu si daftari la mtu mmoja, ndiyo maana nimeona niongeze neno.

Ninaangalia filamu na mama yangu, mwenye miaka 71. Macho yake hayamruhusu kusoma maandishi ya chini ya picha, kwa hiyo filamu isiyo ya Kiswahili mimi ndiye ninayemsimulia kwa Kinyakyusa, nikiwa nimekaa upande wa sikio lake la kulia linalosikia vizuri. Katika daftari letu ukurasa wa kushoto ni wangu na wa kulia ni wake. Yeye husema nami naandika maneno yake kama yalivyotoka, bila kuyanyoosha.

Mwezi Machi, mvua ikiwa haijakatika tangu mchana, tuliangalia filamu ya saa mbili juu ya familia inayogombania shamba. Ilipokwisha mimi niliona imekamilika kabisa: mwenye haki amepata haki yake na muziki umepigwa. Nikaandika upande wangu kwamba mwisho ulikuwa mzuri. Mama alikaa kimya huku akijifunga khanga upya, kisha akauliza, «Yule mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi, alirudi?» Nikarudisha nyuma hadi pale. Ni kweli, mwanzoni kabisa kuna mtoto anayetumwa dukani, anapita mbele ya nyumba ya ugomvi akiwa na sarafu mkononi, na haonekani tena hadi mwisho. Waliotengeneza filamu walimsahau, nami nilimsahau. Mama alimngoja kwa saa mbili.

Swali hilo liko kwenye ukurasa wa kulia, tarehe 16 Machi, na tangu siku hiyo ninaangalia filamu kwa namna nyingine. Ndiyo maana, mwalimu, ningekuomba uongeze safu ya uliyekuwa naye. Kwenye safu zako tano sikuona mahali pa mtu mwingine, na nadhani filamu nyingi kati ya hizo 47 hukuziangalia peke yako.

Mwalimu wa Uyole

Ndugu zangu, nimesoma majibu yote mara mbili na jana usiku nimekaa na daftari.

Masharti nimeyaandika ukurasa wa kwanza. Hadithi ndiyo inayohesabiwa, ila sehemu mbili zikipishana zaidi ya mwezi mmoja nitaandika mistari miwili, kama alivyoshauri kijana wetu. Filamu ya kwenye basi imehamia kurasa za mwisho, na mbele yake nimeandika: niliishia pale mwanamke anapoifungua barua. Safu ya mtafsiri nimeiongeza. Alama sikuzifuta; zikibadilika nitaandika mpya pembeni kwa penseli, ili nizione za kwanza zilivyokuwa.

Kisha nikazipitia filamu zote 47 moja baada ya nyingine, nikijaribu kuandika ile sentensi ya picha moja ambayo mzee wa Kihesa ameizungumzia. Nimeweza kwa filamu 19. Mojawapo nilikuwa nimeipa nne, nami nakumbuka mpaka rangi ya sweta ya dereva. Nyingine mbili nilizipa tisa, na sikumbuki hata zilikuwa juu ya nini.

Safu ya niliyekuwa naye ndiyo iliyonichukua muda mrefu. Nilimwita mke wangu anisaidie, na yeye akakumbuka filamu sita zaidi kutokana na walichokuwa wakifanya watoto wakati tukiziangalia. Kwa hiyo filamu zenye sentensi zimefika 25. Nafasi 22 zilizobaki nimeziacha wazi, na Jumamosi hii tunaanza kuzirudia, tukianza na namba 3.