Mpira wa figo umekaa miezi 4, nifanye aje?

Habari zenu wanagrupu, naombeni ushauri. Mzee wangu ako na miaka 67, tunakaa Ahero, alivunjwa jiwe la figo kwa leza huko Kisumu mjini wakamwachia ule mpira mdogo wa ndani wa kupitisha mkojo kutoka figo hadi kibofu, stenti, sasa ni miezi 4 na hakuna mtu alituambia unatolewa lini, hata kwa karatasi ya kutoka hawakuandika! Nasikia ukizidi miezi 3 unaanza kushika mawe. Akitembea sana anakojoa damu kidogo, homa hana. Nimepiga simu mara tatu, ni "daktari hayuko" tu. Je, hospitali ingine inaweza kuutoa bila faili? Na tuanze na eksirei ama ultrasaundi?